Gari Lenye Harufu ya Iliki

Mtu akifika umri wangu katika jiji hili la Kampala hutarajiwa achague ugonjwa wake. Wenzangu wamekwisha kuchagua: huyu presha, yule ugomvi wa kamati ya kanisa, mwingine shamba la parachichi analolilima kwa simu. Mimi nilichagua gari bovu.

Naliita bovu kwa sababu sasa naweza. Wakati nalinunua nilikuwa na maneno mengine. Nililiita gari la zamani lisiloguswa. Nililiita la asili. Mbele ya mke wangu, nilipoona mambo yanakuwa magumu, nililiita urithi.

"Urithi wa nani?" akauliza. Anafundisha hesabu katika shule ya sekondari, na maswali yake huwa mafupi.

"Wa binadamu," nikasema.

"Basi binadamu walitengeneze."

Nililiona Nsambya, Jumapili moja niliyokwenda kumjulia hali rafiki aliyelazwa hospitalini. Nikirudi kwa miguu nilikata njia kupitia nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, na hapo kando ya barabara, limeegemea ukuta, nikalikuta: gari la Kifaransa la stesheni wagoni, refu kama sentensi zangu, la miaka ambayo baba yangu bado alikuwa na nywele. Sisi tuliokulia magharibi mwa Kenya tunalijua gari lile. Alikuwa nalo daktari wa misheni, alikuwa nalo mkuu wa shule, na mtu yeyote ambaye watoto walishindana kumfungulia geti.

Tairi zilikuwa zimezama ardhini hadi kwenye rimu. Rangi ya krimu ilikuwa imebabuka, na kutu imechora milangoni ramani za nchi zisizojulikana. Lakini vioo vyote vilikuwepo, taa zote mbili zilikuwepo, na ule mlango mpana wa nyuma, unaofunguka kwenda juu, niliuinua kwa kidole kimoja. Ndani nikaona pazia la maua na rafu za mbao zilizopigiliwa kwenye bodi. Halafu kulikuwa na harufu ya iliki. Nilisimama pale nikaivuta nikiwa nimefumba macho. Nakiri kwa aibu kwamba niliamini magari ya Kifaransa ndivyo yanavyonukia yakizeeka.

Mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo kama mimi, mtoto wa karani wa reli aliyelinunua gari lile enzi zake na kuliegesha hapo siku lilipokufa. Karani alikwisha kufariki, na mtoto alikuwa amehamia upande wa pili wa jiji. Jumapili iliyofuata alikuja na kadi ya gari ndani ya bahasha ya kaki. Nililikagua kama nilivyofunzwa chuo kikuu, yaani baada ya kusoma sana. Nilikuwa nimepitia kurasa nyingi mtandaoni za watu wanaofufua magari ya zamani, nikajua kugonga bodi kwa kifundo cha kidole ili kusikiliza kutu, nikajua kulala chali na tochi kutazama chesisi. Gari lile nililiuliza maswali yote yaliyopo. Watu sikuwauliza hata moja. Rafu na pazia niliona ni takataka za familia, nikapanga kuzing'oa nikiwa na nafasi.

Jumatano nilirudi na gari la kuvutia mabovu, dereva wake na minyororo yake. Nikakuta mlango wa nyuma umeinuliwa, na chini ya kivuli chake watu saba wanakunywa chai.

Katikati yao, juu ya kigoda, alikaa mama mzee mwenye leso mbili na miwani iliyofungwa kwa uzi, akigeuza mandazi kwenye karai juu ya sigiri. Nyuma yake, kwenye zile rafu nilizopanga kuzing'oa, zilipangwa chupa za chai, vikombe, mfuko wa sukari na vifuniko vya ukili vya rangi tano, vile wanavyosuka wanawake wa Kinubi. Iliki ilikuwa ndani ya kopo la zamani la maziwa ya unga.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Ya maziwa au kavu?"

"Nimekuja kuchukua gari."

Watu saba wakaacha kutafuna.

"Gari gani?" akauliza mmoja, fundi cherehani mwenye futi ya kupimia shingoni. Nikalionyesha kwa kidevu. Akalitazama, akanitazama. "Hajati, huyu Mkenya amenunua duka lako na wewe uko ndani."

Hajati ndilo jina la heshima alilopewa na mtaa mzima, ingawa katika dakika kumi za kwanza aliniambia mwenyewe kwamba safari yake ndefu kabisa ilikuwa ya Jinja, na alirudi siku ileile. Alikuwa mjane, mjukuu wa mmoja wa wale askari wa Kisudani walioletwa na wakoloni, naye alizaliwa kambini, akalelewa kwa Kiswahili cha kambini, chenye amri nyingi na kisicho na kigugumizi. Yule karani wa reli alimruhusu auzie chai nyuma ya gari lake lilipokufa, na tangu hapo alikuwa akifungua mlango ule kila siku ya kazi. Mtoto wa karani hakumwambia lolote. Labda alidhani nitamwambia mimi.

"Ulikuja lini kuliangalia?" akaniuliza.

"Jumapili. Mara mbili."

"Jumapili sifungui. Wateja wangu ni watu wa kazi." Akanitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo ulikuja kuangalia gari siku ambayo halifanyi kazi."

Nilimpigia muuzaji simu. Haikupokelewa, na haijapokelewa mpaka leo. Nikaanza kusema kwamba labda tuahirishe, kwamba sikujua, kwamba mimi ni mtu wa kanisa. Hajati alinisikiliza huku akiepua mandazi.

"Usijisumbue. Mwenye kadi ndiye mwenye gari. Mimi ni mwenye chai." Akafunika makaa kwa majivu. "Lakini rafu zimepigiliwa, na vitu vyangu nikivishusha hapa barabarani askari wa jiji watavizoa kabla ya adhuhuri. Vitakaa humohumo. Nami nakwenda navyo."

"Unakwenda wapi?"

"Wewe unalipeleka wapi?"

"Kisenyi."

"Basi nakwenda Kisenyi."

Akapanda mbele, akakaa kati yangu na dereva, sigiri iliyopoa miguuni, na tukaondoka Nsambya huku fundi cherehani akitupungia kikombe ambacho hakuwa amekilipia.

Gereji niliyoichagua ilikuwa uwanja uliozungukwa na maduka ya jumla, mafundi kama arobaini ndani yake, kila mmoja na kiungo chake: huyu breki tu, huyu nyaya tu, huyu hagusi kitu kingine ila rejeta. Fundi mkubwa alikuwa mtu mfupi, mtulivu, Mganda wa Masaka, ambaye kwa maoni yake hakuna ugonjwa wa gari usioponywa na injini ya Kijapani. Alilizunguka langu mara moja.

"Ssebo," akaniambia, hiyo ikiwa ndiyo "bwana" ya Kampala, "hii gali nzuri. Tunatoa injini, tunaweka ya Japani. Wiki moja."

"Nataka injini ileile."

"Ileile imekufa."

"Ifufuke."

"Wewe ni pasta?"

Nilimweleza kuhusu uasili. Nilimweleza kwamba thamani ya gari la zamani iko katika kila skrubu yake, kwamba gari lenye moyo wa gari lingine si gari lile tena. Nilisema vizuri sana. Mafundi wawili waliacha kazi kunisikiliza, na mmoja akamwuliza mwenzake kwa Luganda kama mimi ni mgonjwa au ni mwalimu. Tangu siku hiyo wakaniita Mwalimu.

Hapa lazima nieleze desturi moja kwa msomaji ambaye hajawahi kutengenezesha gari Kampala. Gari halipelekwi gereji likaachwa. Gari huketiwa. Mwenyewe huja nalo asubuhi, hupewa kigoda au tairi, akakaa hapo macho yake yakiwa kwenye boneti hadi jioni, kwa sababu vipuri vya gari lisilo na mtu huota miguu. Plagi nzuri huondoka, na nyingine inayofanana nayo kwa mbali huingia. Fundi hakasiriki ukimkodolea macho siku nzima. Anayekasirika ni fundi aliyeachiwa gari, maana kitu kikipungua ataulizwa yeye. Utawakuta wakurugenzi wa makampuni wamekaa juu ya tairi kuukuu, tai shingoni, wakilinda. Mwenye shughuli nyingi hutuma ndugu.

Mimi nilijiona nimebarikiwa. Kazi yangu ni kuandika, na kuandika hufanyika popote. Siku ya kwanza niliketi kiti cha dereva na daftari langu, nikaandika aya nzuri mno kuhusu uvumilivu wa chuma. Nilipoinua kichwa, honi haikuwepo. Ilikuwa katikati ya usukani, mkono mmoja kutoka kwenye pua yangu.

"Kachukua yule wa shati la kijani," Hajati akasema kutoka nyuma, alikokuwa akipanga vikombe vyake. "Nilidhani umemtuma." Kisha akapaza sauti iliyovuka uwanja mzima. "Wewe wa shati la kijani. Honi ya Mwalimu."

Honi ikarudi kwa adabu, kama chumvi iliyokuwa imeazimwa.

Siku hiyo nilielewa ni nani kati yetu wawili anayefaa kulinda. Nilimwomba, naye alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Nitauzia humu humu?"

"Uza."

"Sawa. Lakini mimi nikilinda, nalinda. Usije siku nyingine ukaniambia nifumbe jicho."

Nikacheka, nikamwambia sitamwambia hivyo. Na kweli alilinda. Kila jioni kabla ya kwenda kwake alilizunguka gari akiligusa, taa, kioo, kifuniko cha tangi, kama mtu anayefungia kuku. Alikuwa ameishi nalo miaka mingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Aliwahi kumwambia fundi wa breki, bila kusimama, kwamba nati ya tatu ya gurudumu la nyuma si yenyewe, na fundi akaitoa mfukoni ile yenyewe bila ubishi.

Kulikuwa na sheria moja pale. Mwenye uwanja alikataza wachuuzi, hapo ni magari tu, na barabarani nje askari wa jiji walipita kila siku wakizoa masinia. Lakini Hajati hakuwa mchuuzi. Alikuwa mtu aliyekaa ndani ya gari la mteja. Mwenye uwanja alikuja siku ya tatu, akasimama, akakuna kidevu, akaangalia mlango wa nyuma ulioinuliwa na mvuke unaotoka chini yake, kisha akaagiza ya maziwa.

Kisenyi ilimpenda. Birika mbili zikawa nne. Mandazi yakaongezewa chapati, chapati zikaongezewa maharagwe. Wasomali wenye maduka ng'ambo ya barabara walianza kutuma watu, kisha wakaja wenyewe, wakimlalamikia kwamba mdalasini hautoshi. Aligombana nao wiki nzima kuhusu mdalasini, halafu akauongeza, akadai ilikuwa fikra yake. Viti vya gari langu, vilivyotolewa ili vishonwe upya, vikapangwa chini ya kivuli na kuwa viti vya mkahawa. Mara mbili kwa wiki nilikuja kuona kazi inavyokwenda, nikalazimika kusubiri nafasi ya kukaa kwenye kiti changu mwenyewe.

Mwanzoni kazi ilikwenda. Fundi wa bodi alikata kutu akaweka bati. Breki zilipona. Injini ilishushwa, ikafunguliwa juu ya meza, ikaoshwa kwa dizeli, na fundi mkubwa, aliyeanza kwa kuinunia, nilimkuta siku moja amemwita mwenzake aone jinsi Wafaransa walivyoipanga. Nikajua amepatwa.

Kisha mambo yakapoa. Kabureta, nikaambiwa, imepelekwa Jinja kwa mtu anayezijua. Wiki iliyofuata ilikuwa imerudi, lakini imerudishwa tena. Baadaye ikawa gasketi.

"Gasketi ya hii gali hakuna Uganda," fundi mkubwa akasema. "Inatoka Mwanza. Imekwama Port Bell."

Nami nikaenda Port Bell. Nililipa bodaboda hadi Luzira, nikapita magereza, nikafika kwenye geti la bandari nikamwuliza mlinzi kuhusu gasketi moja ya gari la Kifaransa. Alikuwa mtu wa heshima. Alinionyesha meli iliyoko gatini, reli zikiingia tumboni mwake.

"Mzee, hapa tunapokea mabehewa," akasema. "Gasketi unaweza kukuta kwa wauza spea."

Nilirudi nyumbani na sangara.

"Hiyo ndiyo gasketi?" mke wangu akauliza.

Sikukata tamaa. Niliandika makala ya kurasa tatu kuhusu subira, nikieleza jinsi gari la zamani linavyomfundisha mtu wa kisasa kungoja, na gazeti moja la Nairobi likaichapa. Wasomaji wawili waliniandikia kwamba imewagusa. Niliipeleka gereji nikawasomea mafundi. Walisikiliza wote, wakanipigia makofi, na kwa mara ya kwanza waligombea kunilipia chai.

Jumanne iliyofuata Hajati alinimiminia kikombe, lakini akakishikilia.

"Mwanangu, kaa kwanza."

Nikakaa.

"Gari lako liliwaka."

"Lini?"

"Mwezi uliopita, Jumatatu moja. Liliunguruma vizuri sana, vikombe vyangu vyote vikalia. Wakalizima haraka." Akaanza kufuta kikombe kingine ambacho tayari kilikuwa safi. "Kabureta haikwenda Jinja. Iko kwenye sanduku la fundi mkubwa, imefungwa kwenye gazeti. Wanaitoa, wanaijaribu, wanairudisha. Hii ni wiki ya tano."

"Kwa nini?"

"Likiondoka gari, naondoka nalo. Wanaipenda chai."

Nilitazama uwanja. Mafundi arobaini walikuwa wameinamia boneti kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona.

"Nimekaa na neno hili wiki tano," akasema, bado hanitazami. "Siku ya kwanza nilisema, siku moja si kitu. Ya pili vilevile. Uwanja huu umenifaa, mwanangu. Nsambya sikuwa napata nusu yake, na pale ukutani wamekwisha kumwaga kokoto, sina pa kurudi. Lakini uliniweka nilinde. Honi nilirudisha, nati nilirudisha. Hii nayo nisingeisema, ningekuwa nimelinda nini?"

Akaniachia kikombe. Nilikunywa kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya na uso wangu.

Fundi mkubwa hakukana. Alifungua sanduku, akatoa kabureta, akaifungua polepole. Nilitazama lile gazeti nikitumaini kwamba angalau ni lile lenye makala yangu. Lilikuwa ukurasa wa mpira.

"Mmenipeleka Port Bell," nikamwambia.

"Sikujua utaenda, ssebo. Nani anaenda?" Akaipangusa kabureta kwa upande safi wa shati lake. "Wewe umeoa?"

"Nimeoa."

"Chai nyumbani iko?"

"Iko."

"Basi huwezi kujua." Akaonyesha uwanja kwa kichwa. "Hapa kabla ya Hajati tulikuwa tunakunywa maji ya moto yenye rangi. Mtu anatoka Nateete alfajiri, anakunywa hiyo, anafanya kazi vibaya. Sasa hata breki wanafunga vizuri. Hiyo ni faida yako pia."

Nilirudi kwa Hajati. Alikuwa ameanza kuvifunga vikombe viwili viwili kwenye matambara. Nikasema jambo ambalo nililiona la kishujaa wakati nalisema.

"Usifunge. Nitaliacha gari hapa. Likae."

Aliacha kufunga.

"Liozee hapa kwa ajili yangu?"

"Si kuoza, kukaa."

"Nimeshaliona likikaa. Nililitazama likikaa mpaka tairi zikaingia ardhini, na karani wa watu anakuja kila jioni kulipangusa vumbi. Halikunifurahisha." Akavuta leso. "Ulilitaka liende. Liende. Usinibebeshe."

Aliyepata njia alikuwa fundi mkubwa, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu akijifanya anatafuta spana. Nyuma ya uwanja, alisema, kulikuwa na magari saba ambayo wenyewe waliyachoka. Sheria ya mwenye uwanja ni magari tu. Basi Hajati awe na gari.

Hapo ndipo nilipoona jinsi gari bovu linavyonunuliwa. Hajati alichukua siku nne. Alikuja kuyatazama asubuhi, akaja adhuhuri kuona jua linapiga wapi, akaja Ijumaa watu wakitoka msikitini aone njia yao inapita karibu na lipi. Aliingia katika kila moja, akafunga mlango, akakaa humo kidogo, akatoka. Aliagiza ndoo ya maji, akamwambia fundi wa rejeta amwage juu ya paa, naye akiwa ndani na mkono amekinga. Matatu aliyakataa kwa sababu ya ndoo. La nne alilikataa kwa sababu liko jirani na fundi wa rangi, na chai haikai na rangi. Akafikia gari dogo la mizigo la Kijapani, lisilo na tairi, lenye mlango wa ubavuni wa kusukuma.

"Fungua mbele," akasema.

Fundi mkubwa akafungua. Hamkuwa na kitu ndani, unaona ardhi.

"Injini iko wapi?"

"Haina, Hajati."

"Vizuri. Hakuna atakayekuja kuitafuta."

Bei aliyotajiwa aliipokea kwa kuchungulia tena pale palipokuwa na injini. "Hewa hii nayo nailipia?" Ikapunguzwa. Lakini hakutoa pesa mpaka mwenyewe aletwe, na aje na mkewe na mtoto wao mkubwa. Walikuja Jumamosi, wamevaa kama wanaokwenda ukweni, hawaelewi. Hajati aliwapanga mstari mbele ya ule mzoga.

"Kuna mtu analala humu?"

Hakuna.

"Kuna mtu anaweka vitu vyake, anafuga, anauzia?"

Hakuna.

"Kuna mmoja wenu anaota kuja kulifufua?"

Yule mwenyewe akacheka. Hajati akaelekeza kidole nyuma, moja kwa moja kifuani mwangu, bila kugeuka.

"Usicheke. Wapo."

Rafu zilihamishwa siku hiyohiyo. Misumari ilipong'oka iliacha kwenye bodi yangu matundu kumi na mawili, na fundi wa bodi akaja na bunduki ya kulehemu.

"Niyazibe? Au nayo ni ya kiwandani?" Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

Nilimwambia ayaache. Mvua ya kwanza ilinieleza kwa nini watu huziba matundu.

Likaondoka Jumatatu asubuhi. Kabureta ilifungwa, viti vikarudishwa mahali pake vikiwa na madoa ya chai yenye umri wa wiki na miezi, na injini ikawaka kwa mara ya kwanza mbele ya mwenyewe. Sijui kueleza sauti ile. Fundi mkubwa alisimama ameweka mkono juu ya boneti, na hakutaja Japani. Hajati alikuwa na wateja tisa mlangoni mwa gari lake jipya na hakuweza kuja. Alinyoosha tu shingo juu ya vichwa vyao, akasikiliza kidogo, akarudi kwenye birika.

Niliendesha hadi nyumbani kwa mwendo wa mazishi. Mke wangu alitoka, akalizunguka mara moja, akaingia, akakaa, akatuliza mikono mapajani. Nilingoja hukumu.

"Nipeleke kanisani nalo Jumapili," akasema. "Sitaki Mama Mchungaji asimuliwe tu."

Basi ningeweza kuishia hapo. Gari ninalo, linakwenda, linasimamisha watu wa rika langu barabarani wakaja kunieleza kuhusu baba zao. Lakini Jumanne ile iliyofuata niliamka na kujikuta sina mahali pa kwenda. Kwa miezi mingi Jumanne ilikuwa na kigoda chake, kikombe chake, na watu arobaini wa kunitania. Nilikaa mezani kwangu, mbele ya dirisha langu, na chai ya nyumbani ambayo haina kosa lolote. Saa nne nilichukua ufunguo.

Fundi mkubwa aliniona ninaingia getini, akaweka spana chini.

"Nini tena, Mwalimu?"

"Kuna mlio," nikasema. "Huku mbele. Ukikata kona."

Aliinama akasikiliza. Injini ilikuwa inazunguka kama cherehani. Alisikiliza upande wa kushoto, akaja wa kulia, akafungua boneti akachungulia kwa muda mrefu. Kisha akatazama ng'ambo ya uwanja, ambako Hajati alikuwa akisukuma mlango wa gari lake na mvuke unatoka, akanitazama mimi, akafunga boneti taratibu.

"Ni mkubwa huo mlio," akasema. "Utachukua siku nzima. Kaa, ssebo."